Mguu wa Kulia, Salaita

Mwakio,

Sikuja kukuzika, na siombi radhi. Wewe ndiye uliyeniondoa Voi. Ulitaka nirudi kukubebea jeneza?

Binti yako Wakesho alinipigia simu huku Nakuru baada ya matanga. Anatengeneza mchezo wa kompyuta wa kurusha helikopta, na helikopta yake ilikuwa ikitua kama gunia la saruji. Akasema ulimwambia, "Muulize Righa. Hakuna fundi anayeijua miguu ya helikopta kama yeye." Kumbe namba yangu ulikuwa nayo. Ukampa mtoto.

Nimemsaidia. Nilimweleza kwamba mguu mmoja hugusa kwanza, kwamba mabomba yanayoshika miguu hutanuka na kunesa kabla uzito wote haujashuka. Akayaingiza yote kwenye hesabu zake. Ana subira ambayo wewe hukuwa nayo. Kisha nikamwomba aweke uwanja chini ya kilima cha Salaita, na upepo utoke kushoto. Akashangaa. "Mzee, baba alinikataza kuweka uwanja hapo tu."

Humo mchezoni tulitoa bolti ya mguu wa kulia, ile uliyowaambia wakubwa baada ya ajali ya Salaita kwamba sikuikaza. Tukatua. Mguu ukalegea, ukarudi nyuma. Tukairudisha bolti, tukatua tena, safari hii tukiteleza kuelekea kulia. Mguu ukakunjika chini ya tumbo, sawasawa na siku ile. Mimi ndiye niliyeufukua mchangani, Mwakio. Uliniona nikiutazama, ukasema polepole, "Fundi, mimi nina watoto."

Mimi nilikuwa na nani? Nilifukuzwa, nikazeekea ugenini nikitengeneza pampu za maji. Mama yangu alikufa kule milimani akiamini mwanawe nusura aue watu kwa uzembe. Hilo siwezi kulitoa na kulirudisha kama bolti.

Juzi Wakesho aliniuliza: mguu ukivunjika, skrini iandike nini? Nikamwambia iandike "Kosa la rubani." Ameandika kwa herufi kubwa, hajui ni wewe.

Jumamosi nashuka Voi kwa treni. Nitampeleka Salaita nimwambie pale pale, bila kupunguza neno. Akilia, nitakaa naye mpaka atulie. Hilo naahidi, na ni kwake, si kwako.

Kwaheri, Mwakio. Kaburini kwako nitapita yeye akiniomba, si kabla.

Righa