Wimbo wa Chungu cha Bibi

Marekani, 10 Septemba 2023

Wifi yangu Yasinta,

Habari za siku? Mama hajambo? Miguu yake vipi, uvimbe umepungua? Mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila baridi imeanza, na ugali wa mtama naukumbuka kuliko hata huyo kaka yako. Usimwambie Gervas!

Wifi, kwenye mpango huu wa walimu wageni hatufundishi tu. Kila mwalimu mgeni anatakiwa awaletee watoto utamaduni wa kwao, na Novemba kuna sherehe, wazazi wote wanakuja. Mimi niliwaahidi wimbo wa Kinyaturu, kwa kuwa kwa Wanyaturu ndiko nilikoolewa, na nyimbo za kwetu Itigi sijui hata mmoja. Nirekodie, mdomo wako ni wa kuimba. Najua nafasi hii ilikuwa yako, lakini mpangaji ni Mungu. Na wewe utaitwa tu.

Wifi yako,
Eliana


Utemini, Singida, 2 Oktoba 2023

Wifi yangu kipenzi,

Salamu zimefika. Mama anaendelea vizuri, na kuku wako wameanza kutaga.

Juzi sokoni nilikutana na Belinda, yule dada wa ofisi ya mpango wenu aliyetufanyia usaili mimi na wewe. Kanishika mkono kwa huruma: "Pole mwalimu, kifafa kinaendeleaje?" Nikamwambia ahsante, nimepona.

Wimbo nimekutumia kwenye simu. Aliutunga bibi yetu mwenyewe, kwa ajili ya mtu aliyekula na kulala nyumbani kwake. Watoto wakifika kwenye kiitikio, wote wakugeukie wewe na kukunyooshea mkono. Hapo usiparuke, ndipo utamu ulipo.

Wifi yako,
Yasinta


Marekani, 20 Novemba 2023

Yasinta wee!

Hamjambo nyote? Yaani watu walisimama! Watoto mia mbili wananinyooshea mikono, nikalia mbele ya kadamnasi. Mkuu wa shule kaamua uimbwe kila Jumatatu asubuhi kabla ya masomo, na mkataba wangu wameuongeza miaka miwili. Sasa anataka maana yake aiweke kwenye jarida la shule. Nitafsirie basi, wifi.

Huyo Belinda asikusumbue, atakuwa kakufananisha. Halafu video nilimtumia Gervas. Tiki za bluu nimeziona, lakini wiki nzima kimya. Simu yake imeharibika?

Wifi yako mwenye furaha,
Eliana


Utemini, 27 Novemba 2023

Eliana,

Hatujambo. Simu ya Gervas ni nzima. Alikuja nayo hapa, akaiweka mezani mbele ya mama, akauliza, "Nani kamfundisha mke wangu wimbo wa mwizi wa chungu?"

Maana uliyoitaka ni hii: Amekula kwetu, amelala kwetu, ameondoka na chungu chetu. Mnamtafuta wapi? Huyu hapa, huyu hapa! Jirani aliyewahi kulala kwa bibi alimwibia chungu, na bibi akamwimbia mlangoni kwake mpaka akahama.

Ndiyo, nimekusudia. Simu yangu ilikuwa kwa fundi, nikawapa ofisini namba yako kwa kuwa tulikaa nyumba moja na kula sahani moja. Walipopiga kuniita, ukawaambia Yasinta anaanguka kifafa, ataumiza watoto wa watu. Belinda kanieleza yote. Ukachukua nafasi yangu, na jioni ile ile ukaja kunibembeleza nisilie! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Gervas na mama wamesikia kila kitu kutoka kinywani mwangu. Na hasira yangu bado haijaisha.

Wifi yako,
Yasinta


Marekani, 11 Desemba 2023

Wifi yangu,

Shikamoo. Najua tumelingana, lakini nakuamkia. Mama naogopa hata kumuulizia.

Mara tatu nilikuandikia kwamba una roho mbaya, nikafuta. Nilikosea, Yasinta. Niliitaka mno ile safari. Gervas hapokei simu yangu. Na Jumatatu ikifika natamani nisiende shule, kwa sababu vile vitoto vinanipenda. Vinaniimbia huku vinacheka na mapengo yao, huyu hapa, huyu hapa. Nimemwomba mkuu wa shule wimbo uachwe. Kaniuliza kwa nini, nikambadilishia mazungumzo. Jarida linatoka baada ya Krismasi. Nitungie maana nyingine, au nitumie wimbo mwingine. Nakuomba kwa jina la Mungu.

Wifi yako,
Eliana


Utemini, 18 Desemba 2023

Wifi yangu,

Marahaba.

Mama hajambo. Siku hizi anauimba jikoni akisonga ugali.

Wimbo mwingine sina. Ukitaka waache, waambie maana yake ya kweli. Na wakikuuliza mwenye chungu ni nani, wewe taja jina langu. Siku ile kwenye simu ulilitaja bila kigugumizi.

Wifi yako mgonjwa,
Yasinta