Mishipa ya Mama

Alhamisi, jioni. Hapa Kitaji, nyumbani kwa mama, kumepoa baada ya mvua, nami nimechoka ule uchovu wa mtu aliyeshinda na hofu.

Wiki iliyopita mama alianguka ufukweni Mwigobero akianika dagaa. Nilitoka Bunda, ninakofundisha baiolojia, nikamkuta kwa jirani anasema ni kizunguzungu tu. Leo asubuhi, tukijiandaa kwenda kliniki, ndipo akaniambia kwamba vidonge vya presha alishaviacha kitambo.

Mwenzake mmoja wa kanisani alimwambia presha ni moyo usiosamehe. Mama na dada yake wa Butiama hawasemezani tangu mazishi ya bibi. Basi akaacha dawa, akafunga na kuomba. Presha haikushuka. Akaamini kwamba moyo wake ndio mbaya.

Na hilo alilibeba peke yake.

Daktari, binti mpole, hakumgombeza. Alimweleza kwamba ukuta wa mshipa mkubwa una protini mbili zinazoupa nguvu. Elastini hunyumbuka kama mpira: moyo ukisukuma damu mshipa unatanuka, kisha unarudi. Kolajeni ni kama kamba: hukaza mshipa ukivutwa sana, usije ukapasuka. Elastini tunaipata utotoni, na ikichakaa mwili hauwezi kuirudisha ilivyokuwa. Mzigo unabaki kwa kolajeni, mshipa unakakamaa, presha inapanda.

Mishipa hiyo nimeichora ubaoni mara nyingi. Sikuwahi kuifikiria ya mama.

Mama akauliza, "Kwa hiyo huo mpira haurudi hata nikisamehe?"

"Haurudi, mama," daktari akamjibu. "Mawazo yanaweza kuipandisha presha, lakini hii hujajiletea kwa roho mbaya. Dawa inapunguza nguvu inayosukuma ukuta. Ndiyo maana haiachwi."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilikuwaga najiona mtu mbaya sana," akasema taratibu.

Nilimshika mkono mpaka tukatoka nje.

Jioni hii amemeza kidonge bila kukumbushwa. Nilimuuliza kama tumpigie mama mkubwa. Akasema atampigia akitaka mwenyewe, si kwa ajili ya presha.

Sasa naandika, na namsikia uani akiongea na simu kwa Kizanaki. Anamuuliza dada yake kama naye amewahi kupima.

Sijui mama mkubwa atajibu nini. Kimya kimekuwa kirefu, ila simu haijakatwa.