Nimepiga Marufuku Kijani Nyumbani, Mke Wangu Ameondoka

Mwalimu Hsu, mshauri wetu wa Jumamosi, naomba msaada wako maana nimeishiwa akili, mimi ni mstaafu hapa Chiayi, nilikuwa fundi wa mabasi, na kiinua mgongo changu karibu chote nimekinunulia hisa, sikukopa hata senti, ni kampuni kubwa zinazolipa gawio kila mwaka, na mambo yalikwenda vizuri mpaka soko lilipoanza kuyumba, leo linapanda kesho linaporomoka, nami kutwa nimekodolea macho simu, nikiona namba nyekundu, ambazo kwenye soko letu maana yake zinapanda, napumua, nikiona za kijani, zinashuka, naizima simu na kuiwasha tena, mpaka nikakichukia kijani chenyewe, nikashusha mapazia, nikamwambia mke wangu Mei-yun asipike matembele siku za soko, naye akasema, "Baba Kuan-ting, kwa hiyo tule nyanya mpaka soko lipone?" lakini akavumilia.

Juzi dada yake alikuja kututembelea kutoka Pingtung akiwa na blauzi ya kijani, na hisa zilizokuwa zikipanda tangu asubuhi zikaanza kushuka alipoingia tu, mdomo ukanitoka, "Shemeji, huna blauzi nyingine?" Mei-yun akafungasha nguo, na mlangoni akasema, "Basi na mimi nipeleke sokoni ukaniuze, pengine nitapanda bei," wakaondoka wote wawili. Nimempigia simu, akaniuliza, "Umekula?" nikamjibu leo zimerudi juu kidogo, akakata. Nyumba imekuwa kimya na naogopa, Mwalimu, naona afadhali Jumatatu soko likifunguliwa niuze zote kwa hasara, nimwambie yamekwisha, arudi. Niuze au nisiuze?

Chuang Jui-hsiang, Chiayi

Kaka Chuang, pole. Woga wako nauelewa. Jasho la miaka likiyeyuka mbele ya macho, hata mimi nisingelala. Ila kwa shemeji yako umekosa adabu, na hapo sikubembelezi. Mgeni katoka Pingtung, hujampa hata chai, unamkagua blauzi? Soko la hisa halijui kama huyo mama yupo duniani.

Tuanze na hisa. Hukukopa, kwa hiyo hakuna anayekugongea mlango. Hujaniambia kwamba kampuni zako zimefungwa au zimeacha kulipa gawio. Kilichobadilika ni bei, na itabadilika tena, juu au chini, sikufichi. Usiuze zote kwa sababu ya hofu. Piga hesabu ya chakula, dawa na umeme vya miaka miwili. Kama benki hamna kiasi hicho, uza za kutosha hayo tu, zilizobaki ziache. Kosa lako lilikuwa kupeleka huko karibu kiinua mgongo chote, kwa hiyo gawio likija, safari hii liende benki. Programu ya bei ifute kwenye simu leo hii. Nywila ya akaunti yako ya hisa mpe Mei-yun, kama atakubali kuipokea, na bei mtaangalia pamoja mwisho wa mwezi, mkishamaliza kula.

Halafu hilo la kuuza ili mke arudi, achana nalo kabisa. Ukiuza kwa ajili yake, kila mtakapoketi mezani utakuwa unamhesabia hasara uliyopata. Nakujua, kaka, hata kama hatujaonana. Mei-yun hakuondoka kwa sababu soko limeshuka. Alikuuliza kama umekula, wewe ukamsomea bei. Hata mimi ningekata simu.

Panda treni kesho Jumapili, uende Pingtung. Mwombe radhi shemeji kwanza, mbele ya mkeo, bila kisingizio cha presha ya soko. Kisha kaa usikilize, na neno hisa lisikutoke hata likikuwasha ulimi. Mei-yun akitaka kubaki kwa dada yake siku kadhaa, mkubalie bila kununa, na wewe uwe unampigia kumjulia hali. Jumatatu soko litafunguliwa, uwepo usiwepo. Lakini Mei-yun hajaahidi kurudi.