Namba Uliyoigawa Mkunazini

Dada Zuwena,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu, kisha ingia chumbani uisome barua hii peke yako. Macho yake vipi? Yale matone anayatia, au anayaficha chini ya mto kama kawaida yake? Tangu daktari aliposema kwamba mwakani huenda asione kitu, sina nilifikirialo ila kufika nyumbani aniangalie uso. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo imenikaa vibaya, na sitakuficha kwamba sababu ni wewe.

Uliponiambia kompyuta ya marehemu baba pale kibandani Mkunazini imeanza kugoma, kwamba mfumo wake umezeeka na kadi za harusi wanazoleta wateja haizifungui tena, sikusita. Wewe unakula kwa mashine ile, na mama anakula kwako. Nikakwambia tia diski mpya, mfumo niachie mimi.

Kazi yangu hapa dukani Arabuni ndiyo hiyo, kutwa nawaeleza watu leseni za mifumo ya kompyuta. Ziko za namna mbili. Moja inafungamana na mashine. Mashine ikifa, nayo imekwisha. Ya pili inamfuata mwenyewe: ukinunua mashine nyengine unaihamisha, ila daima iwe mashine moja tu kwa wakati mmoja. Mwenzangu alinicheka: "Kompyuta kizee ile, chukua ya kwanza, watazikwa pamoja." Sikumsikiliza, maana nilijua mashine haina siku nyingi na nilitaka wewe usirudi kuhangaika. Nikamwomba tajiri wangu. Akanipa ya pili kutoka kwenye akiba ya duka, imeandikwa kwa jina lake, akasema, "Haji, hii ni amana." Nikakusomea namba yake kwenye simu, herufi kwa herufi, nawe ukaiandika pembeni mwa kalenda.

Kalenda ya ukutani, dada! Mbele ya kila apitaye.

Wiki ya pili namba ikafungiwa. Nilipokupigia ulinijibu hata bila ya kushtuka.

"Bi Rukia wa fotokopi kaja na shida yake, nkampa. Mchonga mihuri naye kaomba. Ntamwambiaje hapana, na mie kila siku nnachota maji kwake?"

"Umewapa wangapi?"

"Nshasahau. Namba haipungui, Haji. Ingekuwa sukari ningelikwambia imekwisha."

Kwetu jirani hanyimwi, nami nimelelewa hivyo hivyo. Mbuzi ya nazi ya mama ililala nyumba za watu siku nyingi kuliko kwetu. Lakini mbuzi ile ilikuwa ya mama. Namba hii ilikuwa na mwenyewe, na kila ulipompa mtu, kule ilikotoka walikuwa wanaona: mashine ya pili, ya tatu, ya sita, zote Unguja, zote kwa jina la tajiri wangu.

Aliniita mbele ya wenzangu. "Unauza leseni za duka langu kwenu?" Nikamwambia dada yangu kawaazima majirani. Akacheka sana. Hata mimi nilipojisikia nikilisema hilo kwa Kiarabu changu cha dukani, niliona ni uongo. Fomu yangu ya likizo, niliyoisubiri miaka mitatu, akaichana pale pale. Duka la mtaa wa pili wananitaka, na wao wangeniruhusu nije nyumbani kwanza, lakini siwezi kwenda. Kibali changu cha kazi kimefungamana na mtu huyu mpaka mkataba uishe, na bado miaka miwili. Kumbe mimi mwenyewe ni leseni ya namna ile ya kwanza, na siku zote nawaeleza wateja huku natabasamu.

Usinijibu kwamba hukujua. Nilikwambia mashine moja tu, ukaniitikia naam, naam. Jirani ulimwonea haya kumwambia hapana, mimi ndugu yako hukunionea. Hilo linaniuma kuliko likizo yenyewe.

Kompyuta mwambie fundi aitie ule mfumo wa bure, usiotaka leseni. Kadi utachapa, maandishi yatakaa kombo kidogo mwanzoni, utazoea. Huo wagawie mtaa mzima ukitaka.

Nisalimie shemeji. Shangazi wa Fumba mwambie yule pweza mkavu aliyeniwekea amle, asimwache akaharibika. Msalimie na Bi Rukia, yeye aliomba tu. Mama usimwambie haya, mwambie kazi zimezidi, na umshike mkono akienda msalani.

Na kile chumba alichonipakia chokaa kwa mikono yake, kisikae kitupu miaka miwili. Akija jirani kukiomba, mpe.

Mdogo wako,
Haji