Chai ya Kina Mama wa Maombi

Wanza mwanangu,

Uji uko kwenye chupa. Ukishaoga usijisugue na taulo. Jifute polepole, upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Dawa ya daktari ni ya kwenye magamba pekee, na usiyabandue hata yakiwasha.

Asubuhi, kina mama wa maombi walipoanza kushikana mikono, nilikuambia uende jikoni ukaangalie chai. Ukaniuliza, "Chai gani, mama? Si hii hapa mezani?" Nikajifanya sikusikia. Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti kubwa.

Daktari alituambia sote wawili kwamba soriasisi haiambukizi. Kwa hivyo sikuogopa ugonjwa. Niliona haya, Mama Maxwell aliyesimama kando yako asije akayagusa magamba akaenda kunong'ona sokoni Marikiti. Nimemwomba Mungu msamaha. Sasa nakuomba wewe.

Leo nina darasa la jioni, usiningoje kula.

Kesho wanakuja tena. ~~Vaa ile blauzi ya mikono mirefu.~~ Vaa upendacho, joto hili si la mikono mirefu. Utasimama kati yangu na Mama Maxwell. Nampitia sasa hivi nimweleze.

Chai itajiangalia.

Mamako