Mlango wa Kina Consolata

Mama yangu,

Kabla hata sijakuamkia, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Hata katika dua nalizungukazunguka. Ile malaria niliyokuandikia haikuwa malaria. Ni kinyaa. Nikikaa mkekani kula na mjomba, nikiuona mkono wake unamega ugali, natoka mbio kutapika nyuma ya choo. Mkewe, Mama Halima, ananichemshia majani machungu. Nayanywa yote.

Sasa shikamoo, Mama. Mgongo umepoa? Bibi bado anagombana na kuku wa jirani? Sisi huku mtaani Buyenzi tu wazima, kwa maana tunapumua.

Ulinileta Bujumbura nilipomaliza darasa la saba, ili juu ya Kiswahili nilichosomea Ujiji nipate na Kifaransa. Kifaransa nimekipata. Lakini mambo niliyoyaona mwaka huu katika nchi hii, hakuna hata moja ya lugha hizo mbili inayoyatosha.

Mwaka ulianza na siku za mji kufa. Ndivyo wanavyoziita wenyewe, ville morte. Vijana wa Kitutsi wanapanga mawe na magogo barabarani, wanatangaza hakuna kutoka, na mji mzima, pamoja na wizara na mabenki yake kule Rohero, unajifungia ndani kama kuku walioona mwewe. Anayetoka anapigwa mawe. Wengine hawakuinuka tena. Na hao vijana ni rika langu, Mama. Mmoja nilikuwa nikipanga naye foleni ya maandazi. Jioni wanakaa na bia zao wanaigizana jinsi mtu alivyokuwa akikimbia, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kesho yake soko linafunguliwa, watu wanabinyabinya nyanya kuona kama zimeiva. Sijui kwa nini, lakini zile nyanya zilinichefua kuliko damu.

Shuleni madawati yakaanza kubaki wazi. Mwanzoni mwalimu akiita jina lisiloitikiwa aliinua macho. Baadaye hakuyainua tena, akawa anapita tu. Mwishowe majina hayo hakuyaita kabisa, na sisi tukajinafasi kwenye madawati.

Jina moja kati ya hayo lilikuwa la Consolata, niliyekaa naye dawati moja. Nilikwisha kukuandikia habari zake: ndiye aliyenirekebisha Kifaransa bila kunicheka, na nilipoona haya kujibu, alijibu yeye. Kwao ni Kamenge, mtaa wa Wahutu. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alijenga nyumba polepole miaka mingi, na mlango wa mbele alitengenezewa na mjomba. Nilikwenda kuuona ukipachikwa. Ulipakwa rangi ya kijani, tukapewa maharage na ndagala, ndio dagaa wa huku, tukala wote sinia moja.

Ndugu yako unamjua na maringo yake ya ufundi. Kila mlango anaoumaliza anauchoma kwa chuma cha moto, kimwezi kidogo chini ya kitasa. "Mi sitengenezagi milango ya kufanana," anajisifu. "Mulango yangu, hata mu giza naijua."

Katikati ya mwaka askari wakaingia Kamenge, na vijana nyuma yao. Wahutu wakafukuzwa wote, wa kufa wakafa. Nyumba zikabaki bila watu, kisha bila mabati, kisha bila madirisha. Milango ikaanza kupita mtaani kwetu juu ya mikokoteni, mchana kweupe, kama vyombo vya bibi harusi. Mjomba akaweka randa chini, akasimama barabarani. Nilidhani anasikitika. Kumbe anachagua ya kununua. Mama, alikuwa anainama kutafuta kimwezi! Akikiona uso unamchanua: "Hii ni mbao ya Zaire, si muchezo!" Alijua kila mlango umetoka kwa nani. Ndiye aliyeupachika.

Nilimwuliza, kwa sauti yangu hii unayoijua ya kuku mgonjwa: "Mjomba, si haramu?"

"Haramu ni kuua. Mi nimeua nani? Nikiacha, mwengine atapasua kuni. Si afadhali ikae kwa fundi wake?"

Mama Halima akadakia: "Kula, mutoto. Mulango yenyewe hailii, we ndiyo unalia!" Wakacheka.

Nilipofaulu mtihani mjomba akanipa zawadi. Aliondoa pazia la chumba changu akapachika mlango wa kijani. Nikautazama, nikainama, kimwezi kipo. "Musomi alale amefunga," akasema, ameniwekea mkono begani kwa upendo kabisa. Mlango wenyewe ukatushinda sote. Unakwama, mpaka uupige bega.

Wiki iliyopita Consolata akaja. Amekonda, amevaa kitenge cha mtu mwingine. Baba yake hakutoka Kamenge. Yeye na mama yake wanalala kwa watawa, wanatafuta njia ya kuvuka kwenda Uvira, Zaire. Alikuja kuniaga.

Tulikaa uani. Mvua ikaanza, Mama Halima akaita toka jikoni, "Ingieni ndani, bana, mutalowa!" Nilitaka kusema chumba kichafu, kuna mgonjwa, chochote. Haya ikanizuia. Consolata alifika mbele ya mlango akasimama. Hakuupiga bega. Aliinua kitasa kidogo kwa mkono wa kushoto, akausukuma kwa goti, ukafunguka bila sauti, kama mtu anavyoingia kwao na ndoo kichwani. Kisha akautazama mkono wake.

Mjomba aliona yote toka karakana. Akaja akijipangusa unga wa mbao.

"Milango inafanana, mutoto yangu," akasema.

"Ego, baba," Consolata akaitikia kwa Kirundi chao, kwa adabu. "Inafanana."

Akaufunga taratibu, akatoka na mvua yake. Chai hakunywa. Mimi nilisimama pale kama kabati.

Wakati wa chakula mjomba akasema: "Rafiki yako amekuwa na kiburi. Hata kuaga hakuna?" Hapo sikuwahi kufika nyuma ya choo. Nilitapika mkekani, mbele yake.

Mama, wewe ni dada yake mkubwa, ulimbeba mgongoni. Hapa hakuna wa kumwambia kitu. Anaheshimiwa, na wengi wanaomheshimu nao wamenunua milango hiyo. Mwandikie aung'oe huo mlango, aende kwa watawa kabla hawajavuka, amwombe radhi mama yake Consolata kwa mdomo wake. Najua hawana nyumba ya kuupachika. Wataamua wenyewe, hata wakiufanya kuni. Asipotaka, niruhusu nirudi. Najua huko sina nafasi ya sekondari, na kwamba bila mjomba shule yangu imekwisha. Nitaanika dagaa pamoja nawe. Sasa hivi nalala sebuleni. Humu chumbani naingia kuandika tu, kwa sababu ya meza.

Nisalimie bibi, na baba mdogo anayeshona nyavu, na dada yangu aliyejifungua. Mwambie ambusu mtoto kwenye kisogo kwa ajili yangu. Mwalimu wangu wa darasa la saba mwambie Kiswahili sijakiacha.

Ni mimi mwanao, wa sauti ndogo,
Zuhura

Mama, jambo la mwisho. Barua zangu zote mjomba huzisoma, akaziongezea salamu zake chini kabla ya kumpa mtu wa boti. Ndiyo maana zilikuwa njema zote. Hii nimeiandika tangu juu nimeikinga kwa kiganja, na nilipanga kuipeleka bandarini mwenyewe. Sasa nasikia ndara zake uani, anaita, "Zuhura! Umemaliza? Leta nimusalimie dada yangu!" Amefika mlangoni. Nimeondoa mkono. Nafasi yake ya salamu nimemwachia hapa chini.