Mgeni wa Miaka Sita

Jumapili, Malaba

Hata sijui kwa nini nilidanganya. Foleni ya malori hapa mpakani haikusonga leo, nikamwachia turnboi, msaidizi wangu, gari nikaingia lile kanisa la mabati kando ya barabara. Mchungaji akaomba wageni wasimame wasalimie kanisa. Nikasimama. "Bwana asifiwe. Mimi ni dereva. Hii ni mara yangu ya kwanza kufika Malaba."

Mara ya kwanza! Miaka sita napita hapa, na kila Jumapili nikikwama nalala ndani ya lori nikiwasikia wakiimba. Hilo ndilo niliona aibu kusema. Wakanipigia makofi.

Baada ya ibada wageni tukaitwa chai. Anayemimina ni Mama Amoit, yule mama anayetuuzia chai pale kwa foleni. Nikainamisha kichwa.

Wenzangu aliwauliza kama wanaweka sukari. Mimi hakuniuliza. Alinipa ya rangi, tangawizi nyingi, bila sukari, vile nakunywaga kwake miaka yote.

"Karibu, mgeni," akasema polepole. "Tumekungoja sana."